Fito Katikati ya Soko

Fito zilisimikwa Jumanne, siku ambayo soko la Tudun Dankali huwa tupu, na waliozisimika walilijua hilo. Vijana sita wa halmashauri walishuka kwenye lori, wakachimba vishimo kuanzia kibanda cha muuza mafuta ya taa hadi kwenye mizani kubwa ya viazi, wakatia miti ya mikaratusi, wakaiunganisha kwa kamba ya manjano. Ngo Lyop alipofika, mwavuli kichwani na matope mpaka vifundoni, walikuwa wanakusanya sururu zao.

"Hii ni nini?"

"Mpaka, mama."

"Wa nchi gani na nchi gani?"

Kijana alitaka kucheka, akamwona mwenzake hacheki. "Wakristo huku, Waislamu kule. Ni kwa usalama wenu. Soko linafunguliwa Jumamosi, kila mtu kwao. Barua mtaletewa."

Ngo Lyop aliufuata mstari kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Mizani ilikuwa imeangukia kule. Bomba la maji lilikuwa limebaki huku.

"Kwa hiyo sisi tutakunywa bila kupima, na wao watapima bila kunywa," alisema. "Aliyekutumeni hajawahi kununua hata kiazi kimoja."

Alikuwa na miaka sitini na minne, mjane, mpana wa mabega kama mlango wa ghala. Alikuwa Mkristo na Mberomu, watu wanaomwita mama 'Ngo' na mzee 'Da', na msemaji wa wakulima wanaoshusha viazi kutoka vilimani. Upande wa wanunuzi, Wahausa Waislamu wanaopakia malori kwenda kusini, msemaji alikuwa Hajiya Delu, mwembamba, mdogo wake kwa miaka miwili, mwenye sauti ya kumkwaruza mtu ngozi. Kwa miaka ishirini wanawake hao wawili ndio waliolishikilia soko. Mji wao wa Jos uliungua, ukatulia, ukaungua tena. Mitaa ikagawanyika, majirani wakahamiana. Lakini Tudun Dankali pakabaki mahali ambapo Mkristo na Muislamu wanakanyagana vidole na kuombana radhi.

Watu wa semina za amani walipenda kuambiwa kwamba jambo hilo lilianza kwa sala. Lilianza kwa bakuli. Wanunuzi walikuwa na mtindo wa kugonga tako la bakuli la kupimia kwa nyundo mpaka livimbe kwa nje, ili bakuli moja limeze viazi vya bakuli moja na nusu. Siku moja Ngo Lyop alimpokonya Delu bakuli lake, akaliinua juu mbele ya soko zima, akasema, "Jamani, bakuli hili lina mimba!" Delu hakuona haya. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia la Lyop, akalimwaga, na katikati ya viazi yakabingirika mawe matatu. "Na gunia lako limeshajifungua," alisema. "Kumbe sote tunahitaji mkunga." Soko lilicheka mpaka likatoka machozi. Kesho yake wawili hao walikaa chini wakapatana juu ya pishi moja ya haki na sheria ya magunia. Pishi ikazaa kamati, na kamati ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenda barabarani kutuliza watu kila uvumi ulipoingia mjini.

Lakini wiki tatu kabla ya fito, wakulima watano waliuawa kwenye njia ya mashamba wakirudi kutoka kuvuna. Mmoja wao alikuwa Pwajok, mtoto wa Da Chollom, shemeji yake Ngo Lyop. Kamati ilihangaika siku mbili. Siku ya tatu Delu alipiga simu kuuliza kama lori lake linaweza kupita, maana viazi vilikuwa vinaanza kunuka. Ngo Lyop alikuwa amezungumza na wazee wa vijiji vyote vya njiani, wote wakamhakikishia. Akamjibu, "Njia ni salama. Waache waje." Madereva wawili wa Kihausa, Sabitu na Mudi, walitolewa ndani ya lori hilo mchana kweupe na kuuawa.

Tangu siku hiyo Ngo Lyop hakuwa amekanyaga nyumbani kwa Delu. Alijiambia ni kwa sababu ya msiba wa kwao. Alijua anajidanganya.

*

Barua ililetwa Jumanne hiyo hiyo jioni, na nyuma ya barua akaja Da Chollom mwenyewe pamoja na wazee wawili wa kanisa. Walikataa kunywa uji. Da Chollom alikuwa amekonda. Shingo yake ilicheza ndani ya kola ya shati.

"Shemeji, tia sahihi," alisema. "Watakufanya mama wa soko la Wakristo. Ofisi utapewa. Hatukuombi kitu kibaya."

"Mnaniomba nilipasue soko."

"Limeshapasuka!" Alipiga goti lake kwa kiganja. "Limepasuka siku niliyomchukua mwanangu kwenye mkokoteni. Wewe unataka nikae naye gunia kwa gunia, yule aliyemwua?"

"Hajiya Delu hakumwua Pwajok."

"Watu wake wamemwua."

"Na watu wangu wamewaua Sabitu na Mudi. Basi na mimi ni muuaji? Niambie, niko hapa mbele yako."

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. "Ngo Lyop, tusifike huko. Umoja wa wanawake wa kanisa una sare yake ya kitambaa, una heshima yake. Mwenyekiti wao hawezi kuwa mtu anayekula sahani moja na adui wakati sisi tunazika. Ukikataa kutia sahihi, utarudisha kitambaa."

Kitambaa hicho cha bluu na nyeupe alikivaa mara ya kwanza akiwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na hasira ikampanda taratibu kama maziwa jikoni.

"Nitakifua kwanza," alisema. "Sitaki mseme nimekirudisha kichafu."

Baada ya wageni kuondoka, jirani yake alimletea habari nyingine. Hajiya Delu amekubali. Atatia sahihi Ijumaa baada ya sala.

*

Jumatano asubuhi Ngo Lyop alimwambia jirani yule, "Nakwenda kwa Delu," akashika njia ya darajani. Tangu mauaji, hakuna Mkristo aliyekuwa amelivuka daraja lile kwa miguu. Kwenye kona ya kwanza ya mtaa wa Waislamu vijana walikuwa wameweka matairi na benchi barabarani. Mkubwa wao, Lawali, fundi wa pikipiki, alisimama na rungu begani.

"We mama, umepotea?"

"Nimekulia mji huu kabla hujazaliwa. Utapotea wewe."

"Rudi ulikotoka. Huku si kwenu siku hizi."

"Nani kasema?"

"Sisi tumesema. Unatafuta nini? Umekuja kutuhesabu?"

"Kukuhesabuni?" Ngo Lyop aliwaangalia walivyo. "Mko saba, na mmoja wenu kavaa viatu vya dada yake. Hesabu imekwisha. Nipisheni."

Mmoja alicheka, Lawali akamkata jicho. "Mama, sina mchezo. Ndugu zetu wawili wamechinjwa kwenye njia yenu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Nakwenda kwa Hajiya Delu, na rungu lako hilo kama ni la kunipiga, nipige sasa hivi, mgongo wangu uko wazi. Kama si la kunipiga, lisogeze, linanizuia kupita."

Akaanza kutembea. Alisubiri pigo, hatua moja, ya pili, ya tano. Pigo halikuja. Nyuma yake alisikia sauti ya Lawali ikinung'unika, "Huyu mama ana kichaa," na nyingine ikijibu, "Ndivyo alivyo siku zote, hata kwenye bei."

Nyumbani kwa Delu, binti yake Rakiya alifungua mlango, akaduwaa, akamwonyesha chumba. Delu alikuwa amelala kwenye mkeka akitazama ukuta. Karibu yake sahani ya tuwo, ugali wa Kihausa, ilikuwa imekauka. Yule mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka barabara kuu hakugeuka hata kumtazama aliyeingia.

"Delu. Ni mimi."

"Najua. Nimeusikia mguu wako. Unatembea kama lori."

Ngo Lyop alikaa sakafuni. Magoti yalimpigia kelele.

"Nilikwambia njia ni salama," alisema.

"Uliniambia."

"Niliamini."

"Najua uliamini. Nami nikamwambia mama yake Sabitu, 'Lyop amesema, mwache mtoto aende.' Sasa nimwambie nini? Kwamba uliamini?" Delu alikaa kitako, taratibu, kama mtu anayeinua mzigo. "Sikulaumu. Ningekulaumu ningepata usingizi. Mimi nimechoka, Lyop. Nitatia sahihi, wanipe upande wangu, nikae nife kwa amani."

"Miaka ishirini, Delu."

"Ndiyo, miaka ishirini! Moto ukiwaka, 'muiteni Hajiya.' Vijana wamekasirika, 'Hajiya akaseme nao.' Gavana anakuja, 'Hajiya asimame mbele apigwe picha.' Vyeti nimepewa kumi na moja, navifunikia vyungu. Lakini niambie wewe, ni nani aliyewahi kuingia chumba hiki akaniuliza, 'Delu, umekula?' Nani kauliza kama nalala? Hata wewe. Ukinipigia simu ni lori, ni mgogoro, ni kikao. Hata wewe, Lyop."

Ilikuwa kweli. Na papo hapo Ngo Lyop akaona kwamba hata yeye, tangu amzike mumewe, hakuna aliyemuuliza, na yeye hakumwambia mtu, kwa sababu mama wa viazi hachoki.

Alinyanyuka, akachukua sahani ya tuwo iliyokauka, akaenda nayo uani. "Rakiya," alisema, "nionyeshe unga uko wapi. Na unipe kanga ya kulalia. Sirudi leo."

"Ngo, watu wenu watasema nini?"

"Watasema. Wana midomo."

Alipika tuwo na mchuzi wa majani ya mbuyu, mbaya kwa kipimo chochote, na Delu akaula wote akiutukana kila tonge. Siku ile hawakutaja soko hata kidogo. Walizungumza habari za magoti. Walizungumza habari ya mume wa Delu aliyekuwa akiimba akiwa usingizini. Delu alilia kwa ajili ya Sabitu na Mudi, Ngo Lyop akalia kwa ajili ya Pwajok, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Alhamisi Delu alilala kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na Ngo Lyop alikaa mlangoni kwenye kiti, akiwarudisha waliokuja na shida. Mjumbe wa msikiti alirudishwa. Mtu wa halmashauri alirudishwa. Hata mkwe wa Delu, aliyekuja kuhakikisha kwamba sahihi ipo tayari, alirudishwa.

"Mimi ni mkwe wa nyumba hii!"

"Na mimi ni mlango wake. Rudi kesho."

*

Kilichosahaulika ni simu ya Ngo Lyop. Ilizimika Jumatano, na mtaa haukuwa na umeme. Ng'ambo ya daraja uvumi ulianza kama mchezo, ukakua kama uyoga: Ngo Lyop kakamatwa. Ngo Lyop kafungwa kwenye ghala. Kufika Ijumaa asubuhi Ngo Lyop alikuwa ameshakufa na walikuwepo watu walioiona maiti.

Saa tatu asubuhi Rakiya aliingia mbio. "Mama, wako darajani! Wengi! Wana mapanga, na Lawali na wenzake wamekwenda kuwakabili!"

Ngo Lyop alitafuta kiatu chake kimoja hakukiona, akaondoka na mguu mtupu. Delu alikuwa ameshavaa hijabu. Miguu yake ilitetemeka kwa siku nyingi za kulala, akamshika Lyop begani, wakatoka hivyo, mmoja amevaa kiatu kimoja, mwingine ameegemea, wanawake wawili wazee wakipita katikati ya barabara kwenye manyunyu. Wanawake walichungulia milangoni. Wengine wakafuata.

Darajani palikuwa pamejaa pande zote mbili. Mbele ya vijana wa kule alisimama Da Chollom na panga la shambani. Alipomwona Ngo Lyop panga lilishuka lenyewe.

"Shemeji! Wamekufanya nini?"

"Wamenilisha. Wewe mara ya mwisho ulinilisha lini?"

"Tuliambiwa umekufa!"

"Kwa hiyo mlikuja kuua watu kwa ajili ya mwanamke aliyekwenda kumtazama mgonjwa?" Sauti yake ilipanda. "Nimekuja kwa miguu yangu! Nimelala kwa hiari yangu! Na nitalala tena nikitaka, na hakuna mtu, awe wa kanisa au wa halmashauri, atakayenipangia ninyanyue mguu gani!"

Kisha akawageukia vijana wa Lawali, na hapo sauti ikambadilika. "Nanyi nisikilizeni. Ni mimi niliyesema njia ni salama. Sabitu na Mudi walipita kwa neno langu. Neno langu liliwadanganya. Kama mna mtu wa kumdai, mtu huyo ni mimi, si wale walioko kule. Nitakwenda kwa mama zao leo hii niwaambie kwa kinywa changu."

Lawali alimtazama mguu wake mtupu uliojaa matope. Alilishusha rungu, akaliegemeza ukutani mwa daraja.

Delu alikuwa ameliacha bega la Lyop. Alivuka daraja peke yake, polepole, akishika ukuta, mpaka mbele ya Da Chollom. Vijana walimpisha bila kuambiwa.

"Da Chollom," alisema, "Pwajok alikuwa akinibebea magunia tangu ana miaka kumi na miwili. Akinidai chenji yake mpaka senti ya mwisho. Sikuja kukupa pole kwa sababu niliogopa. Naomba radhi kwa woga wangu. Pole, baba."

Mzee aligeuka, akapita katikati ya watu wake akaondoka, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Hakumsamehe mtu siku ile. Lakini aliondoka na panga lake, na vijana, wakikosa wa kuwaongoza, walianza kumfuata kidogo kidogo.

*

Walipokuwa wanarudi, Delu alisimama ghafla katikati ya barabara.

"Kesho soko linafunguliwa," alisema.

"Ndiyo."

"Kila mtu kwao, wamesema."

"Wamesema."

Na ile sauti ya kukwaruza ngozi ikarudi. "Barua haijasema kwao ni wapi. Rakiya! Niletee simu yoyote yenye chaji."

Saa nane mchana wawili hao walikuwa wamekwisha kwenda kwa mama yake Sabitu, halafu kwa wa Mudi. Mmoja aliwapokea. Mwingine alimfungia Ngo Lyop mlango usoni, na Ngo Lyop akasimama nje akasema yaliyomleta akiuambia mlango. Wakati huo habari ilikuwa ikitembea kwa simu, kwa wauza maziwa, kwa wasusi, kwa wake za wapakiaji, pande zote za mto.

Jumamosi Mwenyekiti wa halmashauri alifika saa nne na magari matatu, askari kumi na wawili, na mtu wa kamera. Fito zilikuwa zimesimama. Kamba ya manjano ilikuwa imekaza, na bango limening'inia juu yake: KILA MTU AKAE PENYE USALAMA WAKE. Upande wa Wakristo ulijaa hijabu pomoni. Upande wa Waislamu ulikuwa na wanawake wa Kiberomu wamekaa juu ya magunia yao wakinyonya miwa, na mmoja alikuwa amevaa kofia ya kwaya.

Mwenyekiti alizunguka mara mbili. "Hamjui kusoma? Bango limeandikwa!"

"Tunajua, mheshimiwa," alisema Ngo Lyop kutoka upande usio wake. "Umeandika kila mtu akae penye usalama wake. Usalama wangu uko hapa. Nikikaa kule kwetu, hawa watakuwa na haja gani ya kunilinda?"

"Usinichezee, mama. Hapa pangekuwa na damu jana!"

"Ungekuwepo ungeiona. Hatukukuona."

Askari mmoja alijikohoza kuficha kicheko. Mwenyekiti alimgeukia Delu aliyekuwa amekaa chini ya bomba la maji kama sultani. "Hajiya, wewe ni mtu wa busara. Ulikubali. Barua iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani. Nimefunikia uji."

"Nitalifunga soko hili!"

"Lifunge." Delu aliinuka, na safari hii miguu haikutetemeka. "Viazi hivi vikioza, tutavileta ofisini kwako kwa malori, vya Wakristo mlango wa mbele na vya Waislamu mlango wa nyuma. Tutavitenganisha vizuri, usiwe na wasiwasi. Kwa usalama wako."

Soko lililipuka kwa kicheko na vigelegele, na mtu wa kamera akayachukua yote. Mvua ilimlowesha Mwenyekiti kofia. Alisema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, akapanda gari. Mpaka jioni ile kamba ilikuwa imefungiwa mbuzi, fito mbili zilikuwa zimeinua turubai la muuza karanga, na nyingine zilikuwa kuni.

*

Haikuwa dawa ya kila kitu. Mpaka leo waliowaua wale saba, wakulima na madereva, hawajakamatwa. Mkwe wa Delu hakuingia nyumbani kwake mwaka mzima. Ngo Lyop alikifua kitambaa cha bluu na nyeupe, akakipiga pasi, akakipeleka kanisani Jumapili mbele ya watu wote, kisha akaenda kukaa kwenye benchi lake lile lile la mbele akiwa na gauni la kawaida, akaimba kwa nguvu kuliko siku zote. Kitambaa hawajamrudishia. Benchi hawajathubutu kumwondoa. Msimu uliofuata mke wa Da Chollom alileta viazi vyake sokoni, akavishusha kwa Delu bila kusalimia, na Delu akampimia pishi za kufurika, bila kusalimia pia.

Kilichobadilika hasa ni yale yasiyoonekana sokoni. Wanawake wa soko walipanga zamu: kila wiki watu wawili, mmoja wa kila upande, wafanye kazi za kamati, na wazee wao wapumzike, watake wasitake. Ngo Lyop alipinga siku mbili. Siku ya tatu alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, akaamka ana hasira kwamba hakuwa ameijua raha ile mapema.

Halafu habari zikasambaa, na wengine wa namna yao wakaanza kujitokeza. Alikuja mwalimu wa madrasa kutoka Wase ambaye kwa miaka kumi na tano alikuwa akipatanisha wafugaji na wakulima na tumbo lake lilikuwa limejaa vidonda. Alikuja katekista wa Shendam aliyechomewa nyumba na watu wa dini yake mwenyewe. Walikuja wauguzi wawili wa Barkin Ladi, mmoja Mkristo na mmoja Muislamu, marafiki ambao hawakuwa wakithubutu kuonekana pamoja. Kila mwezi, Jumatatu ya kwanza, walikutana uani kwa Delu. Hapakuwa na hotuba. Walikula, wakalalamika, wakacheka, wakaambiana yale ambayo kiongozi hawezi kuyasema mbele ya watu anaowaongoza: kwamba anaogopa, kwamba amekosea, kwamba jana alitaka kuacha. Ngo Lyop alisimulia habari ya simu ya lori mara nyingi. Mara ya kwanza ilimchukua saa nzima.

Dada mmoja wa shirika la misaada kutoka mji mkuu aliwatembelea, mnyenyekevu, daftari mkononi. Aliuliza kama wangependa kuletewa mtaalamu wa kuwafundisha upatanishi.

"Kufundishwa tumeshafundishwa," Ngo Lyop alimjibu. "Na waliotufundisha walikuja na bunduki. Ukitaka kutusaidia, walipie nauli wanaotoka mbali, tafuta mtu wa kupika maana mimi hawanitaki jikoni, halafu usije na kamera."

Yule dada alifunga daftari. Ajabu ni kwamba alifanya hivyo hivyo alivyoambiwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, jua la baada ya mvua likiwa limetulia juu ya paa, watu wanane wamejinyoosha kwenye mikeka uani, tarishi wa halmashauri alibisha hodi na barua yenye mhuri. Rakiya aliisoma mlangoni kwa sauti. Fujo zilikuwa zimezuka vijiji vya mashariki, watu walikuwa wameanza kuhama, na Mwenyekiti alikuwa akiwaomba Hajiya Delu na Ngo Lyop wafike ofisini mara moja.

Ngo Lyop aliinua kichwa. "Kuna aliyekufa?"

"Hapana, mama," alisema tarishi. "Bado. Wanarushiana maneno."

"Na zamu ya kamati imekwenda?"

"Wako huko tangu asubuhi. Lakini yeye anawataka ninyi wenyewe."

Delu hakufumbua hata macho. Alivuta mto wake, akampa tarishi mgongo.

"Mwambie walioko huko ndio sisi," alisema. "Na mwambie Hajiya amelala. Akitaka kutuona, Ngo anaamka saa kumi, mimi saa kumi na nusu. Aje yeye."